Barakoa Kwanza, Mashine Baadaye

Mwaka jana alikuja kwangu mzee mmoja, dereva wa trela wa miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba, akiandamana na mkewe. Mkewe ndiye aliyezungumza. Alikuwa amebeba mfuko, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kupumulia usingizini ambayo familia nzima ilikuwa imechanga fedha kuinunua.

"Daktari," akaniambia, "kitu hiki kimekaa juu ya kabati miezi saba. Mzee alikivaa siku tatu tu. Na majuzi lori lilimtoka barabarani karibu na Sultan Hamud, amesinzia. Ni Mungu aliyemwokoa."

Nilimwuliza mzee kwa nini aliiacha. Hakuisema mashine hata kidogo. Alinionyesha pua yake, pale juu kati ya macho, ambapo ngozi ilikuwa imechubuka na kuacha alama nyeusi. Barakoa aliyopewa ilikuwa kubwa kuliko uso wake. Ili hewa isitoroke, alizikaza kamba za kichwani mpaka zikamwumiza, na bado hewa ilitoroka ikampulizia machoni usiku kucha. Usiku wa nne akasema heri kukoroma. Aliyewauzia alikuwa na barakoa ya aina moja na ya saizi moja, ile iliyokuwa ndani ya boksi.

Msomaji mpendwa, kisa hiki si cha ajabu. Karibu kila mgonjwa anayekuja kwangu akitaka kununua mashine ya kwanza huniuliza ni ya kampuni gani, inafanya kelele kiasi gani, na kama ina kioo cha kuonyesha takwimu. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza habari za barakoa. Lakini mashine huketi kando ya kitanda, ilhali barakoa ndiyo utakayolala nayo usoni kila usiku, pengine kwa maisha yako yote. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo afadhali anunue mashine ya kawaida na barakoa inayomkaa barabara, kuliko kununua mashine ya fahari na barakoa aliyookotewa tu.

Kabla ya kufika huko, yafaa tuelewane kuhusu maradhi yenyewe. Tulalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikabanwa au ikafungika kabisa kwa sekunde kumi au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mtu hukurupuka kidogo na kuvuta pumzi kwa kishindo, kisha hulala tena bila kukumbuka lolote. Ugonjwa huu huitwa apnea ya usingizi. Anayekatwa pumzi mara 5 hadi 14 kwa saa ana ugonjwa mdogo, mara 15 hadi 29 ni wa kadiri, na kuanzia 30 ni mkali. Mzee wetu wa trela alikuwa na 46.

Hebu hesabu mwenyewe. Mtu anayeshtuliwa mara 46 kila saa hawezi kusema amelala. Si ajabu basi kwamba huamka akiumwa na kichwa, husinzia kanisani, mkutanoni na, vibaya zaidi, akiwa ameshika usukani. Isitoshe, ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu lisilosikia dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpango, na kiharusi. Wala usidhani ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi peke yao. Akina mama waliokoma hedhi huupata pia, na kwa kuwa wengi wao hulalamikia uchovu badala ya kukoroma, huishia kupewa vidonge vya kuongeza damu.

Tiba ya mashine ilianzia Australia. Mwaka wa 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney na wenzake walieleza katika jarida la kitabibu jinsi walivyowapulizia wagonjwa watano hewa puani kwa nguvu kidogo wakiwa wamelala, na koo likabaki wazi. Mashine za leo ni ndogo na tulivu, lakini kazi yake haijabadilika. Zinasukuma hewa ile ile ya chumbani ili koo lisijifunge.

Nasema hewa ya chumbani kwa makusudi. Wakati wa Korona, mwaka wa 2020 na 2021, familia nyingi zilinunua mashine za kutengeneza oksijeni, na nyingine bado zimo majumbani. Nimekutana na wagonjwa wa kukoroma waliofungwa mashine hizo na jamaa zao kwa nia njema. Hiyo si tiba ya ugonjwa huu. Oksijeni haifungui koo lililofungika, na kwa watu wengine yaweza hata kurefusha muda wanaokaa bila kupumua. Ukiambiwa na muuzaji kwamba zote ni mashine za kupumua tu, ondoka dukani humo.

Pia usikubali kuuziwa mashine kwa sababu tu mkeo au mumeo amesema unakoroma. Hapana budi upimwe kwanza, ama hospitalini kwa usiku mmoja, ama nyumbani kwa kifaa kidogo kinachofungwa kifuani, puani na kidoleni. Najua vipimo hivi vina gharama na watu huona ni njia ya madaktari kuongeza bili. Lakini fikiria: mtu mwenye ugonjwa mdogo asiyesinzia mchana huenda akahitaji tu kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha chupa za jioni. Huyo angekuwa ametumia makumi ya maelfu ya shilingi, au hata zaidi ya laki, kwa kitu asichokihitaji.

Sasa tuje kwenye mashine ya mitumba, ile iletwayo na shemeji kutoka Marekani au Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Sitawaambia msiipokee, maana najua bei za hapa nchini. Nitawaambia mkaguzi wa kwanza awe daktari, si fundi wa redio. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa kwa watumiaji mamilioni ya mashine zake, kwa kuwa sponji iliyowekwa ndani ili kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa na kumwaga vumbi na kemikali katika hewa anayovuta mgonjwa. Mashine zilizotengenezwa kabla ya tangazo hilo zaweza kuwa bado zinapita mkono kwa mkono. Andika jina na nambari ya mashine yako, ampe daktari wako au umwombe kijana wako aitafute katika orodha ya kampuni kwenye intaneti.

Jambo la pili ni aina. Kuna mashine maalumu zinazojaribu kumpumulia mgonjwa kwa kufuata mwendo wa pumzi zake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba aina hiyo iliongeza vifo miongoni mwa wagonjwa ambao moyo wao una udhaifu mkubwa wa kusukuma damu. Kwa nje, haina tofauti kubwa na zile za kawaida. Shemeji hawezi kujua. Na hata ikiwa ni ya kawaida, imewekwa nguvu ya hewa iliyomfaa mwenyewe wa kwanza, si wewe. Plagi ni jambo dogo. Vifaa vingi vya kubadilishia stima vya mashine hizi hupokea volti 100 hadi 240, lakini soma kibandiko chake kabla ya kuchomeka kwenye soketi ya hapa kwetu.

Kwa mashine mpya, utaulizwa uchague kati ya ile inayotoa hewa kwa nguvu moja usiku kucha na ile inayojipandisha na kujishusha yenyewe kulingana na hali ya koo. Zote mbili hutibu. Hii ya pili ni ghali kidogo, lakini humfaa mtu ambaye hakupata nafasi ya kulala hospitalini apimwe nguvu inayomtosha, na hao ndio wengi humu nchini. Kosa ninaloliona ni mashine hiyo kuachwa kama ilivyotoka kiwandani, kati ya nguvu 4 na 20. Wengi huhisi wanakosa hewa inapoanzia 4, wakaing'oa kabla hata usingizi haujawachukua. Baada ya juma moja au mawili, daktari asome kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya mashine na kupunguza upana huo. Kwa hiyo usinunue mashine isiyoweka kumbukumbu ya saa ulizoitumia, hewa iliyotoroka na mara ngapi pumzi ilikatika. Bila takwimu hizo sisi madaktari tunabahatisha tu.

Stima ikipotea usiku, nitakufa? Naulizwa swali hili kila wiki, na haki yao kuuliza, maana tunaishi Kenya. La, hutakufa. Barakoa inayofunika pua na mdomo ina kilango kidogo kinachofunguka hewa ya mashine inapokoma, na anayevaa ile ya puani hufungua mdomo. Utaamka, utaivua, utarudi kukoroma. Ila nawaomba msizibe vile vitundu vidogo vya barakoa vinavyotoa sauti ya kupuliza. Mgonjwa wangu mmoja alivifunika kwa plasta akidhani ni hitilafu. Hapo ndipo hewa chafu unayoitoa hupitia. Kama stima hupotea mara kwa mara mtaani kwenu, uliza kabla ya kununua kama mashine inatumia betri ya volti 12 au 24 na kama waya wake unapatikana hapa. Kipashio cha maji ndicho kinachokula stima nyingi. Ukikizima, betri ya kiasi yaweza kukufikisha asubuhi.

Kuhusu hicho kipashio, ambacho huongeza unyevu katika hewa, kwa baridi kavu ya Julai ya Nairobi kina faida. Huko Mombasa wengi hawakihitaji. Tumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, na umwage yaliyobaki kila asubuhi. Maji ya visima vya Kitengela yataacha ukoko ndani ya wiki chache. Na kwa wanaosafiri kama yule mzee, kutoka pwani hadi Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe zikipanda milima, lakini baadhi ya zile za zamani zahitaji kurekebishwa kwa mkono.

Hayo yanatosha kuhusu mashine. Tuingie katika barakoa, ambako vita hushindwa au kushindikana.

Kuna aina tatu kuu. Ya kwanza hufunika pua na mdomo pamoja. Ya pili hufunika pua peke yake. Ya tatu ni vijimto viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua, bila kugusa sehemu kubwa ya uso. Wauzaji wetu hupenda kutoa hiyo ya kwanza, kwa hoja kwamba mtu anayekoroma hupumua kwa mdomo. Sikubaliani nao. Kadiri inavyofunika sehemu kubwa ya uso ndivyo inavyokuwa na mipaka mirefu ya kuvujisha hewa, tena huweza kuusukuma utaya nyuma na kuhitaji hewa ya nguvu zaidi. Mwongozo wa mwaka wa 2019 wa chuo cha madaktari wa usingizi cha Marekani unapendekeza kuanza na ya puani au vijimto. Wengi wanaopumua kwa mdomo hufanya hivyo kwa sababu pua imeziba. Tibu pua kwanza, kwa maji ya chumvi au dawa ya kupuliza atakayokuandikia daktari, kisha ujaribu ya puani. Kama pua imeziba kwa sababu isiyotibika upesi, hapo ndipo ile kubwa ina nafasi yake.

Namna ya kuipima ndiyo inayokosewa zaidi. Watu huijaribu wameketi kwenye kiti cha duka, mashine imezimwa, kama mtu anayejaribu kofia. Uso hubadilika umbo mtu alalapo. Lala chali, mashine iwashwe kwa nguvu ile utakayotumia, uvumilie robo saa, ugeuke ubavu wa kushoto kisha wa kulia. Kama duka halina kitanda, omba benchi. Kama wanakataa, hao wanauza maboksi. Kamba zisikazwe. Vidole viwili viweze kupita chini yake. Ukiona hewa inatoroka, shawishi yako ya kwanza itakuwa kukaza. Badala yake ivute barakoa kidogo kutoka usoni iwe imejaa hewa, kisha uiache ikae upya. Ikiendelea kuvuja, saizi siyo.

Nenda dukani jinsi unavyolala. Kama huvua meno ya bandia usiku, yavue, kwani mashavu huingia ndani na barakoa iliyokukaa mchana itavuja usiku. Akina mama wenye nywele za kusuka, nendeni na mtindo mnaolala nao, kwa maana fundo kubwa kisogoni huipandisha kamba ya nyuma na kuiharibu shabaha yote. Kitambaa chepesi cha kuteleza chini ya kamba husaidia. Wenye ndevu waanze na vijimto, au wafanye uamuzi wao na kinyozi. Usipake mafuta ya mgando usoni kabla ya kulala, kwa sababu huilainisha mpira wa barakoa hadi ukaharibika. Na ikiwa wewe, au yule unayelala naye, ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini, uliza kama barakoa ina sumaku kwenye vifungo vyake. Kampuni zenyewe zimetoa onyo kuhusu jambo hilo tangu 2022.

Mpira wa barakoa huchakaa kama soli ya kiatu. Kwa hiyo uliza leo, kabla hujalipa, kama mpira wenyewe huuzwa peke yake na kama muuzaji anauweka humu nchini. Barakoa nzuri ambayo vipuri vyake lazima viagizwe ng'ambo itakuacha mataani mwaka ujao.

Hapa yanibidi niwakosoe wenzangu pia. Sisi madaktari humwandikia mgonjwa nambari ya nguvu ya hewa kwenye karatasi, tukamtuma kwa muuzaji na kudhani kazi imekwisha. Hatungemwandikia mtu miwani bila kumvisha. Wauzaji nao, ambao hupata faida ya kutosha, wangeweza kuruhusu mteja abadilishe barakoa katika mwezi wa kwanza. Si jambo la hisani. Mashine iliyo juu ya kabati haitaleta mteja wa kununua vipuri. Ninawashauri wagonjwa wangu wasilipe mpaka ruhusa hiyo iandikwe kwenye risiti, na nimeona baadhi ya wauzaji wakikubali mara wanapoona mteja anafunga pochi.

Ukishaifikisha nyumbani, usiivae mara ya kwanza saa ya kulala. Ivae jioni ukitazama taarifa ya habari, kwanza bila hewa, kisha na hewa, kwa nusu saa, siku nne au tano. Anayehisi kuzibwa pumzi huzoea kwa njia hii kuliko kwa kulazimishwa. Majuma mawili ya kwanza ndiyo hatari. Usingojee miezi saba, piga simu kwa daktari siku ya tatu.

Yule mzee hatukumnunulia mashine nyingine. Ile ile iliyokuwa juu ya kabati tuliifuta vumbi, tukabadilisha chujio lake, tukapunguza upana wa nguvu, na kumpa vijimto vya saizi ndogo, kwani alikuwa na masharubu asiyotaka kuyaacha. Nilimwambia pia asiguse usukani mpaka nitakapoiona kadi ya kumbukumbu, jambo lililomkasirisha kuliko barakoa. Wiki ya tatu mkewe alinipigia simu. Nilidhani ni malalamiko, na kwa kweli yalikuwa malalamiko: nyumba imekuwa kimya mno, naye huamka usiku kumgusa mumewe aone kama anapumua.

Walikuja mwisho wa mwezi uliofuata. Kadi ilionyesha wastani wa muda wa saa sita na dakika kumi kila usiku, na pumzi kukatika mara 4 kwa saa. Nilimwuliza kama bado anasinzia mchana, nikamwuliza mkewe swali lilo hilo akiwa peke yake. Kisha nikamwandikia mwajiri barua ya kumrudisha kazini.